Ndege wa Viatu Vyekundu

Baba yangu alikuwa na sheria moja ya ndege, na sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Ndege aliyeonwa na mtu mmoja aliandikwa kwa penseli. Ndege aliyeonwa na watu wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akataja alama zake bila kupenyezewa neno na mwenzake, aliandikwa kwa biki, kalamu ya wino. Penseli ilikuwa ya kusubiri, biki ilikuwa ya kudumu. Ukimwambia kwamba umeona kitu cha ajabu kule mateteni, alikuuliza kwanza, nani mwingine ameona? Ukikosa jibu alitabasamu, akatoa penseli.

Alikuwa karani wa idara ya maji ya kampuni ya shaba. Kila asubuhi alitembea kutoka Kapata, mtaa wetu wa nyumba za wafanyakazi, hadi kwenye bwawa, akasoma kipimo cha maji, akapeleka namba ofisini Kolwezi. Jumapili baada ya misa alirudi kulekule bila kazi yoyote, darubini shingoni. Darubini hiyo aliachiwa na mhandisi mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao. Majirani walimcheka. Mtu mzima, mwenye mke na watoto wanne, anakwenda kuangalia ndege asiowala? Baba alijibu kwamba ng'ombe wa watu nao anawaangalia bila kuwala, na hakuna anayecheka.

Mtu wa pili, yule wa biki, alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa fundi wa karakana, mtu wa Kasaji, mji wa humuhumu mkoani kwetu, aliyefika Kapata kwa treni akiwa kijana wa kutafuta kazi. Macho yake yalikuwa makali kuliko darubini. Aliweza kumtofautisha mnandi na kibisi wakiwa bado nukta mbili juu ya maji, na baba alimheshimu kwa jambo hilo kama wengine wanavyomheshimu padri. Miaka kumi na zaidi walikwenda pamoja kila Jumapili, wakarudi na vumbi hadi magotini, wakala bukari, yaani ugali, kwetu au kwake, mahali palipokuwa na mboga. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, msichana, nikaruhusiwa kufuata tangu nilipoweza kunyamaza kwa saa nzima. Lakini macho yangu hayakuhesabiwa. Mtoto husema ndiyo ili kumfurahisha mzazi, baba alisema, na ndiyo ya namna hiyo haifai kuandikwa kwa biki. Nilikasirika sana. Nilikuwa na hasira za karibu tangu tumboni, mama anasema.

Katika ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari lile kulikuwa na mstari mmoja wa penseli ambao haukupata kubadilika. Baba aliuandika kabla jirani hajaanza kumfuata. Asubuhi moja, mahali kijito kinapoingia bwawani chini ya matawi yaliyoinama, aliona ndege akiogelea kichwa chini, mwoga kama mwizi, na alipopanda ukingoni miguu yake ilikuwa myekundu kama pilipili iliyoiva. Hakuwa bata, hakuwa kibisi. Baba hakujua jina lake, na hakumwona tena. Jirani alimtania kwa ndege huyo miaka yote.

"Tata, ndege yako ya bilatu bya rouge iko wapi leo?" aliuliza kila tulipofika kijitoni, akimwita tata, yaani baba. "Iko ku misa?"

Baba alicheka, lakini ilimwuma kidogo. Nilijua, kwa kuwa mara nyingi jioni nilimkuta amefungua ukurasa ule.

Sasa niseme mambo ambayo kila mtu wa Kapata aliyajua na hakuna aliyeona haja ya kuyasema. Babu yangu mzaa baba aliletwa na kampuni kutoka Kasai, mkoa mwingine wa mbali, kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kapata, nyumba ya tatu kutoka bomba la maji. Kasai kwenyewe hakupata kufika hata siku moja. Mama ni wa Sandoa, mkoa wetu huuhuu, na nyumbani tulisema Kiswahili cha Kolwezi kama kila mtu. Jirani alitoka mbali kuliko baba, kama ni hesabu ya kilomita tu. Lakini ilikuja siku hesabu ikawa nyingine.

Kwanza mashine zilinyamaza. Posho ilichelewa, unga ukapunguzwa, kisha mishahara ikakatika. Mgodi wa chini ya ardhi ulikuwa umebomoka, na kiwanda kimoja baada ya kingine kikazima. Tulikuwa tumezaliwa ndani ya mvumo ule, hatukujua kwamba ni kelele. Ulipokwisha, tulisikia ndege ambao hatukuwahi kuwasikia kutoka uani: zumbulu, bundi wa jioni, keremkerem waliopita juu sana. Baba alifurahi, akaandika. Mimi nilitishika. Mtaa wa wachimbaji ambao unasikia ndege ni mtaa ambao una jambo.

Halafu redio ikaanza. Wakubwa walisema kwamba nchi ina wenyewe, na kwamba wale wa Kasai wamekula kazi za wenye nchi. Vijana wakaanza kupita na nyimbo mchana kweupe, wakipiga madebe. Walituita bilulu, wadudu. Akutukanaye hakuchagulii tusi, mama alisema, akaendelea kuchuja sombe yake, mboga ya majani ya muhogo. Mlango wa mwalimu aliyekaa mstari wa nyuma uliandikwa kwa mkaa. Siku iliyofuata mlango ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa na kitu isipokuwa kuku mmoja juu ya meza.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo, jirani alituma mtoto kusema kwamba magoti yanamwuma. Baba alikwenda bwawani nami peke yetu. Jumapili ya pili, magoti. Ya tatu, magoti. Siku za kazi nilimwona jirani akibeba ndoo mbili za maji kutoka bombani bila kuchechemea. Nilimwambia baba. Akanijibu kwamba magoti ya mtu yako ndani ya mtu, sisi hatuyaoni.

Daftari ninalo bado. Ukilifungua, huhitaji kusimuliwa habari za miezi ile. Kurasa nyingi ni za biki, nyeusi, zimeshiba. Halafu biki inakoma katikati ya ukurasa, na kuanzia hapo yote ni penseli. Yangeyange, penseli. Furukombe, ndege ambaye kipofu angemtambua kwa sauti, penseli. Baba hakuvunja sheria yake hata kwa furukombe.

Jumapili ya nne vijana walitusimamisha njiani. Walitaka kujua mtu wa Kasai anaangalia nini kwa darubini, na anaandika majina ya nani. Baba aliwaambia ni ndege. Wakafungua daftari wakasoma kwa sauti, mnandi, kibisi, mdiria, wakacheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Baba naye akacheka nao, na mimi nikamwonea aibu kwa kucheka kwake. Lakini kijana mmoja hakucheka. Alivaa darubini shingoni mwake, akamwangalia baba kupitia upande usiofaa, ule unaofanya vitu viwe vidogo, kwa muda mrefu. Kisha wakaenda nayo.

Wiki hiyohiyo tuliitwa bombani, mtaa mzima, saa za mchana. Kiongozi wa vijana alikuwa zamani mtumishi wa altare katika parokia yetu. Nilimjua tangu alipokuwa akipiga kengele ya misa. Alisimama juu ya zege la bomba akaeleza utaratibu, kwa upole, na upole ule ndio ulionitia baridi. Watu wa Kasai wataondoka kabla ya Jumamosi, wakangoje treni stesheni. Lakini mwanamume wa Kasai aliyeoa binti wa hapa anaweza kubakia, kama wenye nchi wawili watasimama mbele ya wote na kushuhudia kwamba ni mtu wa hapa.

Wawili. Niligeuka kumwangalia baba, na kweli alikuwa ameinua kichwa. Sidhani kwamba kulikuwa na mtu mwingine Kapata nzima aliyesikia sharti lile kama neema. Yeye alilisikia hivyo. Lilikuwa sharti lake mwenyewe.

Jina lake lilipotajwa, mama alisimama kabla halijamalizika. Alisema yeye ni wa Sandoa, baba yake anajulikana na babu yake anajulikana, na mumewe ni mtu wa Kapata tangu kuzaliwa. Kiongozi akakubali. Mmoja. Akauliza nani wa pili.

Baba hakumtafuta mtu kwa macho. Alimwangalia jirani moja kwa moja, kama alivyomwangalia mara elfu pale ukingoni, akisubiri aseme alama. Jirani alikuwa mbele yetu kidogo, kofia mkononi. Tone la bomba likasikika. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Mi nilifikaka huku na treni ya Kasaji, nikamukuta kisha kuwa mutu mukubwa. Kuzaliwa yake mi sikuionaka."

Basi. Hakusema baba ni mtu mbaya, hakusema ni mgeni. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kama alimwona akizaliwa. Alichukua sheria ya baba yangu, akaingia ndani yake kama mtu anavyoingia chini ya kitanda, akajificha. Kiongozi akauliza tena kama yuko mwingine. Wengine waliangalia ndoo zao. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alisema njiani, kwa sauti ya kusikika na mstari mzima wa nyumba.

Nyumbani nilisema kwamba nitakwenda kuvunja madirisha yake. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na jiwe tayari. Baba alinishika mkono, akalitoa jiwe kidole kwa kidole.

"Hakusema bubongo, hakudanganya," alisema. "Kweli hakuonaka."

Nimemsamehe baba mambo mengi, lakini neno lile bado linanikwama. Nilitaka akasirike. Alikuwa anafungwa na kamba aliyoisokota mwenyewe, na badala ya kuikata alikuwa anaisifu kwamba ni imara.

Mama alitaka twende naye sote. Kaka yake alikuja kwa lori kutoka Sandoa akasema watoto wa dada yake hawapandi behewa lile, na baba akamwunga mkono, maana habari za stesheni zilikuwa zimetufikia. Alikwenda peke yake, na godoro moja, sufuria moja, na daftari. Nyumba yetu ilibaki na sisi kwa sababu ya jina la mama.

Treni haikuja Jumamosi ile, wala wiki ile. Watu walilala nje kando ya reli na katika madarasa ya shule iliyo karibu, wamejipanga kwa godoro kama kwenye baraza, na waliongezeka kila siku. Nilimpelekea baba chakula kila asubuhi. Mvua ilinyesha juu ya magodoro. Mama mmoja wa godoro la pembeni alikuwa na mtoto anayeharisha. Siku ya tano nilikuta mtoto hayupo, na mama yule anakunja nguo ndogo, anazikunjua, anazikunja tena. Baba alianza kukohoa. Nilimwomba arudi, ajifiche darini kwetu. Alisema vijana wataivunja dari na sisi chini yake.

Mwewe walikuwa wengi. Waliwahi kuja siku za moto wa nyika, kufuata panzi, lakini sasa walikuja kwa ajili ya stesheni. Walizunguka chini sana, bila kupiga mbawa, vivuli vyao vikipita juu ya watu waliolala. Watoto waliacha kuwatupia mawe. Siku moja baba aliwatazama kwa muda, akafungua daftari, na penseli ikawa mkononi. Halafu akaniuliza, kwa sauti ileile aliyotumia kwa jirani:

"Unamuona?"

Nilisema namwona. Akaniambia nitaje. Nikataja: kahawia, mkia wenye panda, mdomo wa manjano, anaugeuza mkia kama usukani anapokata kona. Hakunisaidia neno. Nilipomaliza alirudisha penseli mfukoni, akatoa biki, akaandika mwewe. Ni mstari pekee wa biki katika kurasa zile za mwisho. Nililia, na sikuona haya. Miaka yote niliitaka biki ile, na sasa nilikuwa nimeipata kwa ndege wa mizoga.

Alinipa daftari na biki yenyewe. Kule anakokwenda, alisema, hajui ndege wake, ataanza daftari jingine.

"Usiandike peke yako," aliniambia.

Kesho yake nilifika na bukari na samaki wadogo, nikakuta reli tupu. Treni iliondoka kulipopambazuka. Magodoro mengine yalikuwa yameachwa, na mwewe walikuwa wametua katikati yake, wanatembea kwa miguu, wanaokota.

Siku hizi kuna watu wanaofanya mashairi ya mambo yale, wanasema tulifanana na ndege wanaohama. Hainichekeshi. Ndege anayehama hapandishwi behewa la mizigo, wala hakuna anayemngoja kwenye milango akiwa na panga. Anakwenda kwa kuwa anataka, na anarudi.

Barua ya kwanza ilitufikia kwa mkono wa mfanyabiashara. Baba alikuwa Mwene-Ditu, huko Kasai, amelala kwa watu wa ukoo aliowaona kwa mara ya kwanza. Aliandika habari za afya mistari miwili na habari za ndege ukurasa mzima, wote kwa penseli. Barua ya pili iliandikwa na mtu mwingine. Kifua hakikupona. Mama aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kwa jirani kumpa habari, maana ndivyo inavyofanywa kwa mtu mliyekula naye. Mimi sikwenda. Jirani alikuja kulia kwetu siku tatu, akaketi nje na wanaume, na mimi nilipogawa maji nilimruka.

Nilimruka miaka mingi. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikarudi kukaa Kapata katika nyumba ileile. Kampuni ilibaki jina na mabati yenye kutu. Nilimsalimu jirani kwa kichwa, kama mnavyosalimiana na mtu asiye na deni kwenu. Jumapili nilikwenda bwawani bila darubini. Naye, baada ya mkewe kufa, alianza kwenda tena. Alikaa ng'ambo ya kijito, juu ya jiwe, mbali kiasi cha kutoonekana amekuja na mimi. Hakuvuka kamwe. Niliandika yangu kwa penseli, yeye hakuandika kitu.

Hadi asubuhi moja mwishoni mwa mvua. Ukungu ulikuwa ndio unainuka majini. Nilimwona mzee akisimama polepole, mkono umeinuliwa kuninyamazisha, ingawa nilikuwa nimenyamaza. Akaniita kwa sauti ya chini, na maji yakaileta kama yuko karibu yangu:

"Mama. Pale chini ya matawi. Ile ya tata yako. Unaiona?"

Nilitazama. Chini ya matawi yaliyoinama, ndege alikuwa anaogelea kichwa chini, mwoga kama mwizi. Alifika ukingoni, akapanda juu ya mzizi, akatikisa maji. Miguu yake ilikuwa myekundu kama pilipili iliyoiva. Alisimama pale muda wa kutosha kabisa, akageuka upande huu na upande ule, kama fundi cherehani amempima na anangojea kuambiwa nguo imemkaa vipi.

Jirani alikuwa analia. Nilimwona vizuri vilevile kama nilivyomwona ndege. Mkono wake ulikuwa bado juu, na alikuwa ananiangalia mimi, moja kwa moja, anangoja nitaje alama. Nilielewa anachoomba. Alitaka neno moja tu, ili tukaandike kwa biki, ili kitu kimoja cha baba kisimame kwa ushahidi wake hata kama ni cha ndege.

Na mimi nilikuwa bombani tena, siku ile. Nilisikia tone.

"Siioni, tata," nilisema.

Alibaki na mkono juu kidogo. Kisha akaushusha, akavaa kofia.

"Njo vile," alijibu, yaani ndivyo, bila uchungu wowote, akaketi tena juu ya jiwe lake.

Ndege alishuka majini akapotea. Nilikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani nilipofahamu niliyemnyima. Yule mzee alikuwa amemwona ndege wake na anajua amemwona. Aliyekosa shahidi wa pili alikuwa baba yangu, kwa mara nyingine, na safari hii mwenye kukataa alikuwa mimi. Niligeuka nikakimbia hadi kijitoni, mwanamke mzima na vitenge vyangu, lakini jiwe lilikuwa tupu. Nilikwenda mlangoni kwake jioni, nikasimama, nikarudi. Nilijiambia nitamwambia Jumapili. Jumapili magoti yalimwuma, safari hii kweli, na kabla ya kiangazi kwisha tulimzika.

Mstari ule uko palepale, ukurasa wa kwanza. Penseli hufifia, hasa mahali vidole vinapopita kila mara. Kwa hiyo kila mwaka mvua zinapokwisha naupitia upya, herufi kwa herufi, juu ya mwandiko wa baba, kwa penseli. Biki yake ninayo, wino bado unatoka.